Maneno Chini ya Uso wa Mama

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni aibu kusema hivyo. Ukinikaribisha chakula kabla sijakaa vizuri, nitajiuliza unataka nini kwangu. Mume wangu alikuwa akinitania kwamba hata mvua ikinyesha kwa wakati wake, mimi hutoka nje kuangalia ni nani aliyeileta. Basi nisikilize nikueleze jinsi mtu wa namna hiyo alivyowashuku watu nusu wilaya na bado akapitwa.

Mama alikuwa na nyumba yake mlimani, juu ya kijito, upande wa Kisanga. Chini ya nyumba kulikuwa na bonde la migomba na magimbi ambalo halikujua kiangazi, na baba yangu alizikwa kando ya bonde hilo. Amri ya kuhamia vijijini ilipokuja, majirani walishuka mmoja mmoja hadi kijiji kipya kilichopangwa kandokando ya barabara, nyumba zimenyooka kama watoto wa shule mstarini. Mama alikataa. Alisema hawezi kwenda kukaa barabarani na kumwacha mumewe na nyani.

Siku moja alikwenda Mikumi kwenye msiba wa ndugu yake. Aliporudi alikuta nyumba haina paa. Kuta zilikuwa palepale, mlango umefungwa vilevile alivyouacha, lakini ukiingia ndani unaona mbingu. Masika yalikuwa yamekaribia, na nyumba ya udongo isiyo na paa wakati wa masika haina mjadala. Akashuka. Tukamjengea chumba na jiko nyuma ya nyumba yetu, akakaa humo akiwa amenuna.

Nani alitoa paa? Mama aliwashuku wafugaji waliokuwa wamepita na ng'ombe wiki ile, eti walitaka miti ya zizi. Lakini hakuna hata mti mmoja uliopotea. Mfugaji gani anahangaika kubomoa paa la mtu halafu anaacha miti? Mimi nilimshuku mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa na macho ya haraka, na alipenda sana kusema "kwa faida ya wote" kabla ya kuchukua kitu cha mtu mmoja. Tangu siku ile nilimwamkia "shikamoo" nikiwa nimegeuza uso upande wa pili. Naye aliitikia "marahaba" kwa furaha kubwa, jambo lililozidi kunitia shaka.

Mume wangu ndiye aliyekuwa katibu wa kijiji. Sina budi kueleza alivyoishi na mama yangu, maana bila hilo hutaelewa kitu. Kwetu Wasagara, mwanamume na mama mkwe wake hawasemezani. Hawatazamani, hawali pamoja, hawapitani mlangoni. Si ugomvi. Ni heshima, na ndiyo heshima kubwa kuliko zote, kwa sababu huyo ndiye aliyemzaa mkeo. Mkwe akitaka kusema neno, humwambia mtu wa kati, na mama mkwe hujibu kwa njia hiyohiyo. Mtu wa kati nilikuwa mimi. "Mwambie mama nimemletea chumvi." "Mwambie mumeo asante, na kuku wake wanakula mbegu zangu." Hata wakiwa uani wote wawili, kila mmoja kageukia upande wake, maneno yalipitia kwangu kwanza. Nilikuwa nachoka, lakini niliona fahari. Nyumba yenye mkwe anayejua adabu ni nyumba iliyotulia.

Basi wakaja watu wa sinema. Walikuja na Landrova na jenereta, wanaume wawili, mmoja wa kamera na mwingine wa kinasa sauti. Walikuwa wakitengeneza picha ya maisha ya kijijini kwa ajili ya watu wa kisomo, na walitaka iwe na maneno ya Kiswahili chini, ili wanaojifunza kusoma watazame huku wakisoma. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, kwa hiyo nililipenda wazo hilo kabla hata sijapata nafasi ya kulishuku. Wakataka kumpiga picha katibu pamoja na mama yake mkwe, wamekaa benchi moja, wakizungumza kuhusu kuhama. Mume wangu alicheka, kisha akaona hawatanii.

"Haiwezekani," akawaambia. "Mimi na yeye hatusemezani."

"Mmekosana?"

"Tunaheshimiana."

Mtu wa kamera akasema si neno, atampiga picha kila mmoja peke yake halafu ataunganisha. Asubuhi wakampiga picha mama akiwa anapukuchua maharage mlangoni. Alisema kwa Kisagara, nami nikawageuzia maneno yake kwa Kiswahili. Alisema maji ya bomba yapo karibu, kweli, lakini migomba yake iko mbali. Jioni wakampiga picha mume wangu ghalani penye pamba. Mimi sikuwepo, nilikuwa darasani.

Picha ilirudi mwaka uliofuata, wakati ambapo kamati ya kijiji ilikuwa imeanza kusikiliza maombi ya watu waliotaka kulima tena mahame yao, mashamba waliyoyaacha. Mwenyekiti alikuwa ametoa kauli: aliyehamishwa bila ridhaa yake ataruhusiwa kurudi kulima, ila alale kijijini. Aliyehama kwa kupenda alipewa shamba jipya na hana dai. Mama alikuwa amekwishaomba bonde lake. Hakuongea jambo jingine. Akila, bonde. Akichambua mchele, bonde. Nami nilitaka alipate kuliko nilivyotaka kitu chochote, kwa sababu nilimwona anavyozeeka upesi pale uani kwangu.

Sinema ilionyeshwa mchana, darasani, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi na mikeka. Mume wangu alikuwa ameitwa Kilosa kwenye mkutano. Wanakisomo wangu walijaa hadi mlangoni, watu wazima na magoti yao kwenye madawati ya watoto, na mama alikaa mbele kabisa. Shuka jeupe likawaka. Alipotokea mtu tunayemjua watu walipiga kelele, na maneno yalipotokea chini yake wakanyamaza kidogo, wakajikaza, wakaanza kusoma.

Walisoma kama nilivyowafundisha, wote kwa pamoja, kwa sauti. Hakuna mwanakisomo aliyewahi kusoma kimyakimya. Kwao kusoma bila kutoa sauti ni kama kula bila kutafuna. Mashine yenyewe ilikuwa na kipaza sauti kidogo, na chumba kizima kikakizidi nguvu. Sikujali. Nilisimama nyuma nikiwasikiliza wanawake waliokuwa wakiweka dole gumba mwaka juzi, sasa wanasoma sinema, na machozi yakanilengalenga.

Akatokea mume wangu mbele ya marobota ya pamba. "Ha-ta ja-ma-a za-ngu wa-li-ku-wa wa-zi-to," wakasoma, wakacheka. Kisha akatokea mama, anapukuchua maharage, midomo inacheza kidogo, na chini yake maneno mengine. Darasa zima likasoma:

"Pa-a la nyu-mba ya za-ma-ni ni-li-to-a mwe-nye-we, i-li ku-ha-ma ku-we ra-hi-si."

Watu wakapiga makofi. Mama akageuka kwenye dawati lake akanitafuta kwa macho gizani.

"Nani kasema hivyo?" akaniuliza kwa Kisagara.

Jirani yake akamjibu kabla yangu. "Wewe, mama! Si huyo hapo?"

"Mimi sijasema."

"Lakini imeandikwa."

Mablanketi yalipoteremshwa, mwenyekiti alikuwa wa kwanza kusimama. Akampongeza mama kwa mfano wake mzuri. Kisha akasema, kwa upole uliopita kiasi, kwamba anaona lile ombi la bonde halina haja tena, kwa kuwa mama mwenyewe ametueleza na tumesoma wote. Kamati itakutana kesho kutwa kulifunga.

Nilijua sasa, au nilidhani najua. Mwenyekiti alikuwa amepanga jambo hili na watu wa sinema: wakampa mama maneno yasiyo yake, wakayaweka chini ya uso wake, na wakawasomesha watu wangu wenyewe uongo kwa midomo yao. Nilimfuata mama hadi jikoni kwake ili nimwambie hivyo. Nilimkuta amekaa, mlango ameupa mgongo.

"Siku ile wanapiga picha," akasema, "nani alikuwa mdomo wangu?"

"Mimi, mama."

"Basi umewaambia nini?"

Nilimwapia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasukuma pembeni uji niliomletea. Hakuwahi kukataa chakula changu tangu niolewe. Mama yangu mwenyewe alinishuku mimi! Iliniuma sana, na nasema wazi kwamba ilinitia hasira pia, kwa maana mwenye kushuku hapendi kuonjeshwa dawa yake.

Jioni mume wangu alirudi kutoka Kilosa. Nilimweleza yote akiwa anakula. Alisikiliza kwa kichwa kilichoinama.

"Sinema ni sinema, mwalimu," akasema. Aliniita mwalimu alipotaka tusigombane. "Kesho watu watasahau."

"Kamati haitasahau. Mama anapoteza bonde!"

"Tutaona," akasema, akaomba chumvi. Chumvi ilikuwa tayari imetosha. Nilikuwa nimeionja mwenyewe.

Asubuhi nilidandia lori la mbao hadi Mikumi, maana watu wa sinema walikuwa wamefikia huko kabla ya kwenda kuwaonyesha watu wa miwa wa Ruaha. Njia nzima nilipanga matusi ya adabu, yale ambayo mtu hawezi kukushtaki kwayo. Nilimkuta yule wa kinasa sauti katika ghala walilopanga, anafuta vumbi mashine yake, nikamwaga yote. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. Hilo lilinikera, kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kukutana na mwongo.

"Dada, sisi hatuandiki ambacho hakikusemwa," akasema. "Kaa hapa."

Akaning'iniza shuka, akawasha mashine, na ilipokaribia sehemu ile akachukua kipande cha boksi akasimama kando ya shuka, akaziba maneno ya chini.

"Usisome," akaniambia. "Sikiliza tu."

Katika ghala lile hakukuwa na mtu mwingine wa kusoma kwa sauti. Mume wangu akatokea mbele ya marobota. Akasema hata jamaa zake walikuwa wazito. Kisha uso wa mama ukaja, mikono inapukuchua maharage, na sauti haikubadilika. Ni yeye bado. Mama ametokea kwenye shuka na mume wangu anaendelea kusema, kwa ule utulivu wake, na kile kikohozi kifupi anachotanguliza akitaka kusema jambo la kujisifu kidogo. Paa la nyumba ya zamani nilitoa mwenyewe.

"Rudisha," nikasema.

Akarudisha. Sauti ile naijua ikiwa na homa, naijua ikiwa na usingizi, naijua inapoita watoto kutoka ng'ambo ya shamba. Nilimwambia arudishe tena, si kwa sababu nilikuwa na shaka, bali kwa sababu nilikuwa natafuta shaka na siipati.

Yule kijana akanieleza kazi yao. Sauti na uso ni vitu viwili. Mtu akimsema mwingine, wao humwonyesha yule anayesemwa, na maneno ya chini yanafuata sauti, hayafuati uso. Watu wa mjini wamezoea.

"Na wangu walioanza kusoma mwaka juzi?"

"Si wanasikia ni sauti ya mwanamume?"

"Hawasikii. Wanasoma wote kwa pamoja."

Akataka kucheka, akaniangalia, akaacha. Akasema picha ijayo wataandika kwanza ni nani anayesema. Nikamwambia ni vizuri. Nikatoka nje nikakaa juu ya gogo kando ya barabara, malori yakipita, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitamani kuwa mtu wa kuamini kila kitu.

Najua methali mnayotaka kunikumbusha, ile ya kikulacho. Kaeni nayo.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mume wangu anachonga mpini wa jembe. Sikukaa.

"Nimesikiliza sauti," nikamwambia. "Bila maneno."

Akaweka panga chini. Hakujaribu kukana, na hilo namhesabia. Alisema amri ilikuwa imetoka, na wilayani walikuwa wanauliza inakuwaje mama mkwe wa katibu yuko mlimani bado. Wangekuja wengine na kiberiti, kama walivyofanya kwingine. Yeye akangoja mama aende msibani, akapanda mlima, akafungua paa kwa mikono yake, nyasi akazifunga mafungu, miti akaiegemeza ukutani isivunjike.

"Nilimwokoa," akasema.

Labda. Nimeligeuza neno hilo miaka mingi na sijui bado kama alimwokoa mama au aliokoa kiti chake. Inawezekana hata yeye hajui.

"Na mwaka mzima mama anawalaani wafugaji, ulikuwa unamsikia. Na jana nakwambia anapoteza bonde, ukaomba chumvi."

"Ningesemaje? Mimi nasemezana na mama mkwe?" Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kamwambie wewe. Wewe ndiye unayepeleka maneno."

Hapo hasira ilinishika. Heshima niliyoitumikia tangu niolewe, kumbe ilikuwa kichaka chake cha kujifichia!

"Chumvi nilipeleka," nikamwambia. "Salamu nilipeleka, kuku nilipeleka. Hili sipeleki. Utasema mwenyewe kesho, mbele ya kamati, na yeye akiwepo. La sivyo nitawaleta watu wa sinema na mashine yao, na safari hii darasa langu litanyamaza."

Hakulala vizuri usiku ule. Mimi nililala.

Kamati ilikutana darasani asubuhi. Mama alikaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine, khanga imefunika nusu ya uso kama ilivyompasa mkwewe anapokuwa karibu. Mwenyekiti alitangaza kwamba suala la bonde lilikuwa dogo na limekwisha. Mume wangu akasimama. Akageukia ubao, mgongo kwa watu, kwa sababu hakuweza kuelekeza uso upande aliokaa mama.

"Ndugu katibu, unazungumza na ubao?" mwenyekiti akauliza, na watu wakacheka.

"Paa la mama nilitoa mimi," akauambia ubao. "Hakuhama kwa kupenda. Maneno mliyosoma ni yangu."

Kicheko kikakatika. Mwenyekiti hakushtuka hata kidogo, nami nikaandika moyoni kwamba alikuwa anajua siku zote. Sikumwomba radhi kwa salamu zangu za upande. Alipoona wajumbe wote wanamtazama, akakohoa, akasema basi kama ni hivyo, kwa faida ya wote, mama arudi kulima bonde lake. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilitaka kumkumbatia mama, lakini alikuwa amekwishasimama.

Hakuja kwangu. Alipita katikati ya madawati polepole, akaenda hadi mbele, akaingia kati ya mume wangu na ubao. Mume wangu hakuwa na mahali pa kuweka macho yake. Mama akateremsha khanga kutoka usoni, akamtazama. Akasema kwa Kiswahili, kile cha darasani kwangu, kila neno limesimama:

"Asante kwa kusema kweli, ndugu katibu."

Wazee waliziba midomo. Vijana walipiga makofi, na mwenyekiti akasema mnaona, mila za kizamani zinakufa, sasa tunazungumza wote kama ndugu. Watu wengi walitoka pale wakiamini wameona mama mkwe akisamehe. Mume wangu alibaki ameushika ubao kwa mikono miwili. Yeye ni Msagara kama mimi.

Tangu siku hiyo mama alimsemesha. Wakikutana njiani, yeye akielekea bondeni na jembe begani, alisimama akamtazama usoni, akauliza habari za ofisi. Mume wangu alilazimika kuamkia, shikamoo, naye mama akaitikia marahaba na kuendelea na safari, kama anavyofanya kwa karani wa pamba au dereva wa lori, watu asio na ukwe nao. Uji wangu mama alirudi kuunywa. Mume wangu ndiye aliyeanza kukonda. Aligundua njia za kuzunguka nyuma ya zahanati ili asikutane naye, na mama naye alionekana kuzijua njia hizo.

Hatimaye jioni moja mume wangu alinijia nikiwa nachambua mboga.

"Mwalimu," akasema, "nakuomba. Mwambie mama asinisemeshe."

Hilo nililibeba, kwa kuwa nilimwonea huruma. Nilimkuta mama anaosha magimbi ya bonde lake. Alinisikiliza bila kuacha kuosha.

"Nisimsemeshe?" akasema. "Kwani yeye ni nani kwangu?"

Nilirudi nikamfikishia mume wangu jibu hilo kama lilivyo.